Pakiti 30 zimerudi na kuvu: bakodi haitakuambia zilitoka wapi

"Nasindika dagaa hapa Ilemela, Mwanza. Nanunua wabichi mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mbalamwezi ikiingia mitumbwi ikalala nanunua wakavu kwa dalali anayewaleta kutoka visiwa vya Ukara na Goziba. Nafungasha gramu 250 na gramu 500, pamoja na sangara wa moshi kidogo. Duka kubwa la Dar es Salaam limenirudishia pakiti 30 zenye kuvu, wakauliza ni za mzigo upi na nyingine za mzigo huo ziko wapi. Sikuwa na jibu. Sasa hawapokei mali yangu mpaka niwe na 'ufuatiliaji'. Kijana anayenichapia lebo anasema nikiweka bakodi inayoanza na 620 yamekwisha. Jirani anasema ninunue mashine ya kunyonya hewa, kuvu haitaonekana tena. Tarehe ya mwisho naandika mwaka mmoja kama wenzangu. Nina mteja wa Kigali pia anayetaka mali. Hizi sheria si za viwanda vya minofu? Nianzie wapi?"

Dada yangu, pole kwa mzigo uliorudi. Umeuliza mengi, lakini kubwa kuliko yote ni zile pakiti 30 ambazo huwezi kusema zilitoka kwenye kichanja kipi. Kuvu ni tatizo la ukaushaji na kifungashio, nalo linatibika. Kutojua zilikotoka ndiko kunakokufanya ushindwe kusema kama zilizobaki madukani ni salama, na hapo mwenye duka ana haki ya kuogopa mali yako yote. Nitaanza na hilo, kisha nije kwenye kuvu, mashine, tarehe na lebo.

Sheria kwanza. Si za viwanda peke yake. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinamgusa anayevua, anayesindika, anayesafirisha na anayeuza mazao ya uvuvi, awe na kiwanda au awe na vichanja viwili nyuma ya nyumba. Usalama wa chakula nao, ambao zamani ulikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ulihamia TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019. TFDA ikageuka TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo una milango miwili ya kubisha: Idara ya Uvuvi kwa leseni, vibali vya kusafirisha na cheti cha afya ya mazao ya uvuvi, na TBS kwa usajili wa eneo lako la kusindikia na alama ya ubora. Wakala wa Vipimo wanaingia kwenye mizani na uzito ulioandika kwenye pakiti.

Watu hudhani haya ni mambo ya viwanda vya minofu kwa sababu viwanda ndivyo vilivyoungua kwanza. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikuta bakteria wa Salmonella kwenye minofu ya sangara wa Ziwa Victoria. Kisha kikaja kipindupindu na vikwazo vyake. Mwaka 1999, baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu, Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Fikiria aliyekuwa akivua kwa nyavu halali upande wa Mwanza wakati huo: hakuwa na karatasi inayotenganisha sangara wake na wa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo alifungiwa pamoja na wote. Baadaye sheria ya chakula ya Umoja huo, namba 178 ya mwaka 2002, ikaweka kanuni ambayo sasa wanunuzi wengi wakubwa duniani wanaifuata, hata wa Dar es Salaam: kila mfanyabiashara wa chakula ajue amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Hudaiwi jina la mama aliyenunua pakiti moja akapike jioni. Unadaiwa mwenye mtumbwi au dalali upande mmoja, na duka upande wa pili, na katikati yao namba inayowaunganisha.

Namba hiyo si bakodi. Bakodi inayoanza na 620 inaonyesha kwamba namba imetolewa na GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi, basi. Haisemi hata kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania. Namba iliyomo humo ni ya aina ya bidhaa: dagaa wa kampuni yako wa gramu 250 watakuwa na bakodi ileile Januari na Desemba, waliokauka vizuri na walionyeshewa. Keshia ataipiga, mashine itataja bei, na duka litahesabu stoo yake. Ni nzuri, na duka kubwa litaidai. Ila ukiilinganisha na watu, bakodi ni jina la ukoo. Anayetafutwa siku ya tatizo ni mtoto mmoja kwa jina lake mwenyewe, nalo ni namba ya bechi.

Kwa mtu wa kiasi chako, bechi iwe hivi: dagaa walionunuliwa mwalo mmoja, siku moja, wakaanikwa pamoja na kufungashwa pamoja. Namba yake iwe fupi, isomeke na msichana yeyote anayekusaidia. Mfano IG220725-2: Igombe, tarehe 22 Julai 2025, kichanja cha pili. Usiweke namba isiyo na maana kama 00147 halafu maana yake ikae kichwani mwako. Na usiifanye bechi kuwa kubwa kwa kukwepa kuandika. Ukiandika bechi moja kwa wiki nzima, pakiti moja ikiharibika utarudisha mali ya wiki nzima. Ukiandika kwa siku na kichanja, utarudisha ya kichanja kimoja. Udogo wa bechi ndiyo bima yako.

Wahenga wa biashara wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa dagaa daftari hilo lina sehemu nne, na daftari la kawaida la kaunta linatosha.

Mwaloni andika tarehe na saa, jina la mwenye mtumbwi na namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, na kilo. Kilo, si karai. Karai la huyu si karai la yule, na dagaa waliochujwa maji hawalingani na wanaochuruzika. Nunua mizani ya kuning'iniza, ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, upime karai tupu kwanza ndipo upime lililojaa. Kwenye vichanja andika saa ya kuanika, saa ya kuanua, na kama mvua ilinyesha au wingu lilitanda. Kwenye kufungasha andika kilo kavu zilizopatikana, pakiti ngapi za 250, ngapi za 500, chenga na takataka kilo ngapi, sampuli ulizobakiza. Kwenye kuuza andika mteja, simu yake, namba ya risiti, na pakiti ngapi za bechi gani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowakatikia wengi: risiti inasema "dagaa pakiti 200" bila kutaja bechi, na kazi yote ya nyuma inapotea pale pale. Hati ya kupelekea mzigo iseme IG220725-2 pakiti 120, IG230725-1 pakiti 80.

Sasa angalia jinsi daftari linavyoweza kukuambia ukweli ambao macho hayaoni. Dagaa mbichi ni maji takriban robo tatu. Kilo 100 mbichi zina karibu kilo 25 za nyama na mifupa iliyokauka kabisa, kwa hiyo ukikausha vizuri utapata kati ya kilo 27 na 29. Ukinunua kilo 400 na kufungasha kilo 112, hesabu inakubali: hizo ni pakiti 448 za gramu 250. Ukiona kilo 400 zimetoa kilo 160, usifurahie wingi. Kati ya kilo 160 hizo, nyama ni 100 na maji ni 60, yaani unyevu wa zaidi ya asilimia 37. Ama dagaa hawajakauka, ama mtu ameongezea mzigo mwingine humo. Mkaguzi anayejua kazi hufanya hesabu hii kabla hajanusa pakiti hata moja.

Kujazia ndiko kunakoua bechi kimya kimya. Zimebaki kilo tatu za jana, hazitoshi kujaza katoni, unazimwaga kwenye beseni la leo. Kuanzia hapo bechi ya jana na ya leo ni kitu kimoja, na ikirudi mojawapo zote mbili zinarudi. Mabaki yafungashwe kwa namba yao hata zikiwa pakiti nane, au yauzwe kwa kupima pale pale nyumbani.

Dalali wako anahitaji uangalifu zaidi. Dagaa wake wametoka mitumbwi mingi, na huna hakika walianikwa kwenye chanja au kwenye mchanga. Usiwachanganye kamwe na wa Igombe. Wape herufi zao, na umdai dalali karatasi: wametoka kisiwa gani, wamekaushwa tarehe zipi, na nakala ya kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa uvuvi. Akikuambia gunia moja lina wa Ukara na wa Goziba, andika hivyo hivyo, "Ukara na Goziba". Bechi yenye vyanzo viwili inakubalika ikiandikwa. Inayofichwa ndiyo uongo. Kabla hujalipa, toa dagaa katikati ya gunia, si juu, wavunje, kisha wapepete kwenye karatasi nyeupe. Mchanga ukibaki kwenye karatasi, umejua walikolala.

Mchanga haukeri meno tu. Mbuzi, kuku, ndege na watu wanapita mwaloni, na vinyesi vyao vina Salmonella. Jua halimuui bakteria huyo, linamlaza. Anaweza kukaa hai miezi kwenye chakula kikavu, akisubiri maji. Ndiyo maana kipimo kinachotumika kwa vyakula vilivyo tayari kuliwa ni kwamba asionekane kabisa katika gramu 25 za sampuli, na pia ndiyo maana lebo ya dagaa wako iseme wazi "pika vizuri kabla ya kula". Ukianza kuuza dagaa wa kukaanga walio tayari kuliwa, umeingia daraja jingine la masharti, usilichukulie kama ladha mpya ya bidhaa ileile. Kwenye vichanja, kimo cha mita moja hivi, wavu safi, na uzio wa kuzuia kuku ndiyo ulinzi wa kwanza. Osha wavu na meza kwa sabuni, suuza, kisha pitisha maji ya klorini: kwa ndoo ya lita 20, vijiko vinne vya chakula vya dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 vinakupa takriban miligramu 100 kwa lita. Sabuni itangulie, kwa sababu uchafu hula klorini yote kabla haijagusa kijidudu. Maji hayo ni ya vyombo, si ya kuoshea dagaa.

Tuje kwenye kuvu. Samaki akishuka hadi unyevu wa asilimia 25 hivi, bakteria wa kuozesha hawafanyi kazi. Kuvu ni sugu zaidi. Wao husimama unyevu ukifika asilimia 15 au chini. Wewe lenga 12 ili uwe na nafasi. Kama huna kipima unyevu, pima gramu 100 za dagaa waliosagwa, weka kwenye oveni ya nyuzi 105, upime kila baada ya saa mpaka uzito usimame. Zikibaki gramu 88, unyevu ulikuwa asilimia 12. Kwa kila siku tumia njia ya chumvi: chupa kavu ya kioo, dagaa waliovunjwa hadi robo, kijiko cha chumvi kavu isiyoganda, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, dagaa bado wana maji ya kulisha kuvu. Njia hii haifai kwa dagaa waliotiwa chumvi, na haikupi namba, lakini itakuzuia kufungasha mzigo mbaya.

Lakini kwa nini pakiti ziote kuvu Dar es Salaam wakati zilizobaki kwako Ilemela ni nzima? Sababu mbili ndizo za kuchunguza kwanza. Ya kwanza ni kufungasha dagaa wakiwa na joto la jua: mvuke hutoka, pakiti inapoa usiku, matone yanajikusanya ndani upande wa juu, na kuvu huanzia pale pale kwenye kona. Waanue, waache kivulini wapoe kabisa wakiwa wamefunikwa, kisha ufungashe siku hiyo hiyo kabla unyevu wa usiku wa ziwani haujawarudia. Ya pili ni kifungashio. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ya Mwanza, na nailoni nyembamba inaupitisha polepole. Hesabu yake inatisha kwa udogo: pakiti ya gramu 250 yenye unyevu wa asilimia 12 ikiongezeka gramu 9 tu, imefika asilimia 15. Fanya jaribio hili. Ziba pakiti tano, ziandike uzito kwa mizani inayosoma gramu moja, mpelekee ndugu Dar es Salaam aziweke rafuni na kuzipima kila wiki. Zikipanda, tatizo ni mfuko. Zisipopanda na kuvu ikaota, ulifungasha wabichi. Mifuko minene ya tabaka kadhaa inayosimama yenyewe inapunguza sana upitishaji huo, na isiyoangaza inazuia pia mwanga unaochachusha mafuta ya dagaa. Zipu pekee haitoshi. Mfuko uzibwe kwa joto juu ya zipu.

Kuna wanaopulizia dagaa dawa ya wadudu ili mende wa samaki wakavu wasiingie. Tafadhali usikaribie hapo, wala usinunue kwa anayefanya hivyo. Dawa ya shambani au ya kuua mbu haina ruhusa kwenye chakula, na mabaki yake yanapimika. Ukavu, usafi wa stoo na mfuko uliozibwa vizuri vinatosha.

Mashine ya kunyonya hewa sasa, na hapa naomba unisome taratibu. Kwa dagaa waliokauka kweli haina madhara, ila mifupa yao hutoboa mfuko. Kwa sangara wa moshi ni jambo jingine kabisa. Sangara wako akitoka jikoni bado ana nyama laini yenye maji mengi. Ukimtolea hewa, unaondoa kuvu na bakteria wa kuozesha, wale wanaotoa harufu ya kukuonya, na unampa uwanja kijidudu kinachopenda pasipo na hewa, Clostridium botulinum. Baadhi ya aina zake hukua hata kwenye friji, kuanzia nyuzi 3 hivi, na kutoa sumu ya kupooza mishipa bila harufu wala rangi. Samaki anaonekana mzima. Ndiyo maana kwa samaki wa moshi waliofungwa bila hewa viwanda huhakikisha chumvi haipungui asilimia 3.5 katika maji yaliyomo kwenye nyama, na baridi haizidi nyuzi 3.3 muda wote. Hivyo viwili haviwezekani kwa kukisia jikoni, na mnyororo wa baridi kutoka Mwanza hadi rafu ya Dar es Salaam huna hakika nao. Ushauri wangu ni mmoja: sangara wa moshi uza kwenye kifungashio chenye hewa, baridi, kwa siku chache na karibu, au mgandishe, au mkaushe mpaka awe mkavu wa kweli, na maabara ithibitishe kwamba kipimo cha maji yanayoweza kutumiwa na vijidudu hakizidi 0.85. Mashine hiyo iache mpaka umekaa na mtaalamu wa usindikaji ana kwa ana. Na sangara unayenunua asiwe chini ya sentimita 50. Mdogo kuliko hapo ni haramu kisheria hata akiwa amepikwa kwa usafi wa namna gani, na daftari zuri litakuwa ushahidi dhidi yako.

Tarehe ya mwisho ya "mwaka mmoja kama wenzangu" ni ahadi uliyoitoa bila kuipima. Ipime. Chukua bechi tatu za miezi tofauti, mojawapo iwe ya masika, ubakize pakiti 12 za kila bechi katika mazingira ya joto kama ya dukani. Kila mwezi fungua moja: nusa kama mafuta yamechacha, tazama rangi ya manjano tumboni, pima unyevu, pika uonje. Bechi iliyoharibika mapema ndiyo inayoamua. Ikianza kuchacha mwezi wa tisa, andika miezi sita. Mpaka jaribio liishe andika muda mfupi. Duka litakuheshimu zaidi kwa miezi minne ya kweli kuliko mwaka wa kubahatisha. Na kufungasha upya hakuzai tarehe mpya. Dagaa wa dalali waliokaushwa Machi wanahesabiwa kuanzia Machi, hata ukiwafunga Juni.

Kwenye lebo, jina liwe kamili: "Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria", na chini yake Rastrineobola argentea. Neno "dagaa" peke yake halitoshi kwa sababu dagaa wa Kigoma ni samaki wengine, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na bei yao huwa juu. Kuacha mnunuzi adhani ni hao ni udanganyifu hata kama hukuandika Kigoma. Kwa mteja wa Kenya unaweza kuongeza "omena", kwa wa Uganda "mukene". Samaki wengine wadogo waitwao furu huchanganyika kwenye wavu, wachambue kabla ya kuanika. Weka uzito halisi bila mfuko, viambato hata kama ni dagaa na chumvi tu, tahadhari kwamba ina samaki kwa wenye mzio, jina na anwani yako, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho, namna ya kuhifadhi na kupika. Usiandike kwamba dagaa wanatibu chochote. Bechi na tarehe zisichapwe na lebo. Acha nafasi nyeupe ugonge muhuri au mashine ndogo ya tarehe siku ya kufungasha, kwenye pakiti yenyewe na si kwenye katoni peke yake. Wino usugue kwa kidole chenye mafuta ya dagaa kabla hujaununua kwa wingi, maana mwingi unafutika.

Alama ya TBS usiiweke hata kwa mfano mpaka umepata leseni ya kuitumia. Njia ya mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambao hukupa barua ya utambulisho kwenda TBS. Ofisi ya TBS ya Kanda ya Ziwa ipo hapo Mwanza, na kuna utaratibu wa unafuu wa gharama kwa wadogo, uulizie. Watakuja kukagua eneo na kuchukua sampuli. Cheti cha maabara cha sampuli moja kinasema kuhusu sampuli hiyo tu. Hakiisemei bechi ya mwezi ujao, kwa hiyo usikining'inize ukutani ukadhani umemaliza. Panga kupeleka sampuli mara kwa mara kwenye maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo Nyegezi, hasa msimu wa mvua, na namba ya bechi iandikwe kwenye fomu.

Kuhusu Kigali, alama ya ubora ya nchi moja ya Afrika Mashariki inatambuliwa na nyingine kwa sheria ya viwango ya jumuiya ya mwaka 2006, kwa hiyo TBS yako itakufaa huko. Juu yake unahitaji kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya kutoka Idara ya Uvuvi kwa kila mzigo. Tozo na masharti hubadilika, kwa hiyo muulize afisa uvuvi kabla hujakubaliana bei na mteja, si baada ya kupakia. Binafsi ningesubiri. Kamilisha miezi mitatu ya daftari na duka la Dar es Salaam kwanza. Mzigo ukirudi kutoka Kigali utakuuma zaidi.

Ukishaanza, jijaribu mara moja kila mwezi. Mwambie mtu achukue pakiti yoyote iliyo tayari kuuzwa, asikuambie ipi, akupe namba yake tu. Tafuta mtumbwi uliotoka, kilo zilizoingia, pakiti zilizotoka na kila duka lililopokea, ujumlishe mpaka zifikie idadi uliyofungasha. Wanunuzi wakubwa hudai majibu ndani ya saa nne. Ukikosa pakiti kumi, usizifute kwa kalamu. Tafuta kama zililiwa nyumbani, zilitolewa zawadi au mtu aliuza bila kuandika. Hizo pakiti 30 za mwanzo huwezi tena kuzifuatilia, kwa hiyo mwambie mwenye duka ukweli na uondoe zote zisizo na namba rafuni. Ni hasara, lakini ni ya mara moja, na ndiyo itakayomfanya akuamini ukimpelekea bechi ya kwanza yenye namba.

Yapo mambo usiyafanye kwa kusoma tu. Kuvu ikijirudia baada ya kubadilisha ukaushaji na mfuko, mwite afisa uvuvi wa kata au mtaalamu wa chuo cha uvuvi pale Nyegezi aje aone vichanja vyako akiwa amesimama navyo. Maabara ikikuta Salmonella, zuia bechi hiyo na zote zilizokaushwa kwenye wavu ule, usijaribu kuzianika tena. Mteja akikupigia kwamba watu wameumwa baada ya kula, acha kuuza bechi hiyo dakika hiyo hiyo, piga maduka yote yaliyoipokea, na mjulishe TBS na afisa afya. Akisema anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, kumeza kunakuwa kugumu au mwili unaishiwa nguvu baada ya kula sangara wa moshi, aende hospitali saa hiyo bila kusubiri asubuhi, na abebe pakiti yenyewe pamoja na mabaki yake, bila kuosha chombo.